Kebo si kebo tu

Nimekuwa kimya wiki kadhaa kwa sababu ya kazi, na leo narudi na kisa ambacho kusema kweli sikutaka kukiandika, maana ndani yake mimi ndiye niliyekosea. Lakini wiki jana rafiki yangu aliniuliza anunue kebo gani ya kuunganisha swichi na fayawoli ya ofisi yake. Nikaona heri niandike mara moja ili wengine nao wafaidike.

Kwa wale wasiojua: swichi ni kifaa kinachounganisha kompyuta na seva za ofisi, na fayawoli ni bawabu anayekagua kila kinachopita kutoka sehemu moja ya mtandao hadi nyingine. Kati ya hivi viwili hupita data nyingi, kwa hivyo kebo ya hapo mara nyingi huwa ya kasi zaidi.

Mimi ni mwandishi wa programu, si fundi wa mtandao. Mwaka wa 2019 tulipata kazi katika chama kimoja cha akiba na mikopo, nje ya Nairobi. Tulitakiwa kuhamisha data ya wanachama kutoka seva za zamani hadi mpya. Data ilikuwa terabaiti 6, na yote ilipaswa kupitia fayawoli. Tungeanza Jumapili saa nne usiku, na milango ingefunguliwa Jumatatu saa mbili asubuhi. Saa kumi tu.

Nilipiga hesabu kwenye karatasi. Kwa kasi ya gigabiti 10 kwa sekunde, terabaiti 6 zinahitaji saa 1 na dakika 20. Hata diski zikichelewesha mambo, tutalala. Nikaagiza kebo mbili za shaba zile ambazo mafundi huziita DAC, yaani kebo ambayo vichwa vyake viwili vimeunganishwa nayo moja kwa moja na huingia kwenye poti za SFP+. Ni za bei nafuu, na hazitumii umeme mwingi.

Kijana wetu fundi wa mtandao aliziangalia, akaniuliza, "Bosi, umeuliza kama zinakubalika pande zote mbili? Swichi ni ya kampuni moja na fayawoli ni ya nyingine."

"Kebo ni kebo," nikamjibu. "Ikiingia, inafanya kazi."

Jumapili usiku ikaingia. Upande wa fayawoli hakukuwa na neno. Upande wa swichi taa haikuwaka. Tulichomoa, tukachomeka, tukajaribu ile ya pili, tukabadilisha poti. Swichi ikaandika kwenye kumbukumbu zake kwamba moduli hiyo haitambuliki, na ikaizima poti. Fundi alikuwa amebeba kebo za kawaida za Cat6 kwenye mkoba wake, basi tukaunganisha kwa poti za gigabiti 1. Lakini kwa kasi hiyo terabaiti zile zile zingechukua saa 13 na dakika 20. Hatukuwa na saa hizo. Saa nane usiku tukasimamisha kazi na kurudisha kila kitu kilivyokuwa.

Asubuhi meneja, mama asiyependa mzaha, akauliza kulikoni.

"Madam, kebo zilikuwa mbovu," nikasema.

Akamgeukia fundi. "Na wewe kijana, hukuzipima kabla ya kuja?"

Fundi akainamisha macho. "Pole sana, Madam. Tutarekebisha."

Nilinyamaza.

Niliporudi Nairobi sikupata amani. Nikachukua moja ya kebo zile nikaichomeka kwenye seva yetu ya Linux yenye poti ya SFP+, nikaandika amri ethtool -m na jina la poti. Amri hii husoma kilichoandikwa ndani ya kichwa cha kebo. Ndiyo, kimeandikwa kitu! Kila kichwa kina kumbukumbu ndogo yenye jina la mtengenezaji, nambari ya bidhaa, nambari ya kebo yenyewe, aina na urefu. Kwa mpangilio wa SFP+ jina la mtengenezaji hukaa kuanzia baiti ya 20 hadi ya 35, yaani herufi 16.

Kebo ilikuwa nzima kabisa. Shaba haikuwa na kasoro hata kidogo. Kilichotuzuia ni programu ya swichi, iliyosoma maandishi yale, ikayalinganisha na orodha yake, ikasema huyu simjui. Ni if moja. Kitu ambacho mimi huandika kila siku ya kazi ndicho kilichonishinda, na nilikuwa nimemwachia lawama mtu pekee aliyeniuliza swali sahihi.

Basi haya ndiyo ningeyajua kabla ya kununua:

1. Umbo si kasi. Poti ya SFP (gigabiti 1), SFP+ (10) na SFP28 (25) zinalingana kwa ukubwa. QSFP+ (40) na QSFP28 (100) nazo zinalingana zenyewe kwa zenyewe. Kwa hivyo kebo kuingia si ushahidi kwamba itafanya kazi.

2. Pande zote mbili zikubaliane kasi. Ukiunganisha poti ya SFP28 na ya SFP+, mara nyingi itabidi uiweke ile ya kwanza kwenye 10 kwa mkono. Na ukitumia 25, hakikisha njia ya kusahihisha makosa, inayoitwa FEC, ni moja pande zote. Zikitofautiana, kiungo hakiinuki.

3. Uliza kila upande unakubali nini. Tafuta orodha ya watengenezaji wote wawili, ukiwa na modeli kamili na toleo la programu. Wapo wauzaji wanaoandika kichwa kimoja kwa ajili ya swichi yako na kingine kwa ajili ya fayawoli yako. Waambie kabla hujalipa. Baadhi ya swichi zina amri ya kuzilazimisha, kwa mfano Cisco wana service unsupported-transceiver, lakini ukipata tatizo mtengenezaji anaweza kukutaka uweke kebo inayotambuliwa kwanza. Swichi yetu haikuwa na amri kama hiyo.

4. Pima njia, si umbali. Kebo hupanda, huzunguka rafu na hushuka. DAC za SFP+ zisizo na saketi za kukuza mawimbi kwa kawaida huishia mita 5 hadi 7, na hazipendi kukunjwa sana. Mbali zaidi ya hapo tumia faiba. Moduli za 10GBASE-SR kwenye faiba ya OM3 hufika mita 300. Uzuri wa faiba ni kwamba kila kifaa hupewa moduli yake inayotambulika, na faiba ya katikati haina jina la mtu.

5. Jaribu mapema, kwenye vifaa vile vile, mchana, siku ambayo hakuna mtu anayekusubiri.

Wiki ile tukaagiza kebo mpya, kila kichwa na maandishi ya upande wake. Fundi akazijaribu Ijumaa mchana. Jumapili nikaenda kwa meneja kabla ya kazi kuanza, nikamwambia kwamba kebo za kwanza hazikuwa mbovu, kwamba mimi ndiye niliyezichagua, na kwamba yule kijana alinionya.

Akanitazama kwa muda. "Hayo kamwambie yeye. Mimi sikukemewa mbele ya watu."

Nikaenda chumba cha seva. Alikuwa amepiga magoti nyuma ya rafu. Nikamwomba radhi, yote, bila kuzunguka. Akasikiliza mpaka mwisho.

"Sawa, bosi," akasema. "Nishikie hiyo tochi."

Nikashika. Akachomeka upande wa fayawoli, kisha upande wa swichi, na taa ikawaka. Saa saba na nusu usiku data yote ilikuwa imefika na tumeikagua.

Siku hizi akiniuliza swali kabla sijalipa, naweka kadi mfukoni kwanza. Na rafiki yangu, kama unasoma hapa: nitumie modeli ya swichi yako na ya fayawoli yako, nitampelekea yeye. Usininunulie soda, mnunulie yeye.

Haya, tuonane tena.