Karatasi iliyosema mtoto ni mzima

Binti wa miaka minane alilala akiwa mzima. Asubuhi miguu ikakataa. Familia yake ilikuwa imekimbia vita na kupokelewa na jamaa katika wilaya ya Mwenga, Kivu ya Kusini. Jana yake alikuwa amepanda mlima mara mbili na bidoni ya maji kichwani. Hakuanguka, hakuwa na homa. Alipojaribu kusimama, mapaja yalikakamaa kama ubao, magoti yakagongana, akaanguka.

Baba yake alimbeba mgongoni hadi kituo cha afya. Muganga alimshika mkono, akamwomba atembee hatua chache, akaangalia visigino ambavyo havikugusa chini. Kisha akamkalisha juu ya meza miguu ikining'inia, akagonga chini ya goti kwa nyundo ndogo ya mpira. Mguu uliruka kwa nguvu. Akagonga wa pili, ukaruka vilevile. Akapapasa uti wa mgongo, mfupa kwa mfupa, maana kifua kikuu kikiingia humo nacho hulemaza miguu. Hakukuta kivimbe wala maumivu. Mwishoni akauliza: mwezi huu mmekula nini? Jibu lilikuwa bugali wa muhogo, asubuhi na jioni, na sombe bila samaki.

Kazi yote ilichukua kama dakika ishirini. Akataja jina la ugonjwa: konzo.

Bibi ya mtoto hakuridhika. “Muganga, hata damu hamjatoa. Kugonga magoti ndiyo kupima? Mashine iko wapi?”

Bibi huyo hakuwa mjinga. Mtu aliyezoea vituo ambavyo hata parasetamoli imekwisha hujifunza kupima ubora wa matibabu kwa vyombo anavyoviona. Pale aliona nyundo tu.

Lakini konzo si ugonjwa mgeni katika nchi yetu. Daktari Giovanni Trolli aliuandikia mwaka 1938 kutoka Kwango, na jina lenyewe ni la lugha ya Wayaka, kwa maana ya miguu iliyofungwa. Kwetu Kivu ya Kusini umeripotiwa katika usultani wa Burhinyi, tena kwa sababu ya vita. Mwaka 1996 Shirika la Afya Duniani lilitoa alama tatu za kuutambua: mtu anatembea au kukimbia kwa miguu iliyokakamaa pande zote mbili, ugonjwa umemshika ndani ya wiki moja akiwa mzima kabla, kisha hauendelei kuzidi, na magoti au vifundo vya miguu vinaruka kupita kiasi vinapogongwa, bila dalili ya ugonjwa wa uti wa mgongo. Alama zote hizo zinaonekana kwa macho, mikono na nyundo. Mashine haimo.

Familia haikusubiri maelezo hayo. Baba aliuza mbuzi wawili, mjomba aliyeko mjini akaongeza dola, wakavuka mpaka kumtafutia mtoto kipimo cha mishipa ya fahamu. Kule walibandika nyaya kwenye miguu yake, wakapitisha umeme kidogo ili kuona ishara inapita kwa kasi gani, kisha wakaingiza sindano nyembamba ndani ya misuli kusikiliza inavyofanya kazi. Mtoto alilia. Karatasi ikatoka: mishipa ya fahamu ya miguu na misuli ni ya kawaida.

Karatasi hiyo nusura ivunje nyumba. Ilisomwa mbele ya ukoo wote, na mzee mmoja akasema kinachosemwa sana kwetu: kama mishipa ni mizima na mtoto hatembei, basi kuna mtu amemfunga. Macho yakaenda kwa shangazi yake, mjane aliyekimbia pamoja nao, ambaye usiku ule alimpa mtoto kiazi kitamu. Neno karuho likatajwa. Shangazi alilala kwa majirani siku tisa.

Karatasi haikudanganya. Ilijibu swali lingine. Chukua mfano wa umeme wa SNEL. Nyumbani ni giza, fundi anapima waya kutoka nguzo hadi kwenye balbu, anakuta waya ni mzima. Hiyo haina maana kwamba giza limeletwa na jirani. Kasoro iko kule kwenye kabini. Mashine ile inapima waya wa mwisho, yaani mishipa inayotoka kwenye uti wa mgongo kwenda mguuni, pamoja na misuli yenyewe. Konzo inaharibu juu zaidi, kwenye njia zinazoshusha amri kutoka ubongoni. Mshipa wa chini unabaki mzima lakini hauna wa kuutuliza, ndiyo maana mguu unakakamaa na goti linaruka. Nyundo ya Muganga ilikuwa imeona palepale ambapo mashine haikuwa ikitazama.

Mashine ina kazi yake. Mgonjwa wa sukari mwenye ganzi miguuni, mtu ambaye udhaifu unampanda kutoka miguuni kwenda juu, mtu ambaye misuli inakonda mwaka hadi mwaka: hao inawafaa. Kabla ya kuuza mbuzi, ni haki ya mzazi kumwuliza muganga: kipimo hiki kinatafuta nini, na kikitoka safi kitakuwa kimeondoa ugonjwa gani?

Safari ile iliacha hasara nyingine, na hii inahusu kila familia iliyohama. Muganga hakutaka kubahatisha na polio, ambayo katika nchi yetu haijaisha. Kwa kawaida polio hulegeza mguu, haukakamazi. Mguu unakuwa kama kitambaa, na nyundo haipati jibu. Lakini siku za mwanzo udhaifu wa ghafla unaweza kumchanganya hata mwenye uzoefu. Kipimo cha polio ni choo cha mtoto. Mtoto yeyote wa chini ya miaka 15 ambaye mguu au mkono umelegea ghafla anachukuliwa choo mara mbili, kwa kupishana angalau saa 24, ndani ya siku 14 tangu ulemavu uanze. Sampuli inawekwa kwenye baridi na kusafirishwa hadi maabara ya INRB, Kinshasa. Mzazi halipi kitu. Kwa binti huyu choo cha kwanza kilichukuliwa. Cha pili hapana: alfajiri walikuwa wameshapanda gari. Kama ingekuwa polio, watoto wote waliolala chini ya mabati yale wangehitaji chanjo haraka, na choo kimoja ni ushahidi pungufu.

Kwa hiyo mnaohamahama, kumbukeni tarehe ambayo miguu ilikataa, na mwambie kituo cha kwanza mtakachofika. Wiki mbili zinapita upesi kati ya chumba cha maombi, mganga wa kienyeji na foleni ya lori.

Mwishowe Muganga alifika nyumbani na reko wa mtaa, akaomba wote wakae kwenye benchi. Akagonga goti la bibi, la baba, la yule mzee. Miguu ilicheza kidogo tu. Akagonga la mtoto. Walichokiona kilifanya kazi kuliko hotuba. Shangazi amerudi, ingawa chakula bado anapika peke yake. Binti anatembea kwa fimbo mbili na kufanya mazoezi ya kunyoosha miguu. Konzo haiponi, lakini haizidi, isipokuwa mtu akishikwa mara nyingine.

Na mara nyingine inatoka jikoni. Muhogo mchungu una sumu ya sianidi inayotoka ukilowekwa siku tatu au zaidi na kukaushwa vizuri. Wakimbizi wanajua hilo tangu utoto. Lakini njaa haingoji siku tatu, na mihogo iliyoachwa mtoni inaibwa, hivyo wanaitoa baada ya siku moja. Mwili nao huhitaji protini ili kuivunja sumu iliyobaki. Bila maharagwe au ndagala, sumu inakaa.

Kwa unga ambao tayari uko nyumbani kuna njia iliyotokana na kazi ya mtaalamu Howard Bradbury wa Australia. Changanya unga na maji, utandaze kwenye mkeka uwe mwembamba, uache saa mbili juani au saa tano kivulini ili sumu itoke na hewa, kisha songa bugali siku hiyohiyo. Akina mama wa Popokabaka, Kwango, waliifanya, na katika kijiji kilichofuatiliwa hakukuonekana mgonjwa mpya.

Katika nyumba hii ya Mwenga wamechagua vyote viwili. Mihogo inalowekwa ndani ya pipa nyuma ya mlango, siku tatu kamili, na maji ya kujaza pipa hilo sasa anayapandisha kaka wa binti.