Taharuki na Kicheko: Tajriba ya Mtazamaji wa Makindu

Katika idara zetu za fasihi, mtu akikiri kuwa anazipenda filamu za Charlie Chaplin husikilizwa kwa heshima. Akikiri kuwa anaipenda Commando huchekwa. Za Chaplin zimekwisha kupata hadhi ya sanaa, pengine kwa umri wake tu. Hiyo nyingine huhesabiwa kuwa makelele ya vibanda vya video. Mimi ninazipenda zote, na ninashikilia kuwa mapenzi hayo yana chimbuko moja.

Nililelewa Makindu, mji wa reli na malori. Gari la sinema lilipokuja, liliwambwa shuka jeupe uwanjani, tukamwona Chaplin akifukuzwa na polisi. Baadaye vikaja vibanda vya video na Commando (1985), yenye steringi ambaye kila mtoto alijua kwamba hafi. Wazee wetu hawakuona kuwa tumehama kutoka utanzu mmoja hadi mwingine. Kwao, zote zilikuwa hadithi za mmoja anayeandamwa na wengi, mithili ya sungura wa ngano.

Tuitazame The General ya Buster Keaton, ya mwaka 1926 (hekalu la Wasikh la Makindu, linalowalisha wasafiri bila malipo, ni rika lake). Dereva wa garimoshi anawafukuza maadui peke yake. Mzinga anaoukokota unainama polepole hadi unamlenga yeye mwenyewe, ilhali utambi umekwisha kuwashwa. Kinachomwokoa si ushujaa, bali ni kona ya reli. Hii ni taharuki kamili, nasi tunacheka. Kinyume chake ni Speed (1994), ambamo basi litalipuka likipunguza mwendo chini ya maili 50 kwa saa. Kwa yeyote aliyewahi kupanda basi la usiku kati ya Mtito Andei na Emali, kisa hicho ni kichekesho tangu mwanzo: dereva anaamrishwa kufanya yale aliyoyazoea. Hollywood ilikusudia tuzuie pumzi. Kibanda kizima kiliangua kicheko.

Kwa hiyo malighafi ni ile ile: muda mchache, mwili wa mtu, na chombo kisichotii. Harold Lloyd alining'inia kwenye mshale wa saa katika Safety Last! (1923), Jackie Chan akamfuata katika Project A (1983), naye akaanguka kweli.

Hata hivyo, mpinzani wangu ana hoja moja nzito. Katika ramsa za kale, aghalabu kila aangukaye huinuka. Katika Commando huinuka mmoja tu, na makumi ya walinzi hufa bila majina. Hoja hii siwezi kuijibu kwa filamu yenyewe. Ninaijibu kwa watambaji wanaozisimulia upya kwa Kiswahili, ambao DJ Afro ndiye mashuhuri zaidi nchini Kenya. Uhakiki wetu umewapuuza, ingawa hao ndio fanani halisi wa sinema yetu. Nilimsikia mmoja wao, ambaye simjui jina, akimfanya mlinzi anayekaribia kupigwa risasi alalamike kuwa hajalipwa mshahara wa miezi miwili. Watu walicheka sana. Mlinzi alipoanguka, wakanyamaza, na mtu mmoja nyuma yangu akauliza nani sasa atampelekea mkewe pesa zile.