Kimea chetu, kuanzia punje



Tangu mwezi uliopita wengi mmeniuliza, sokoni, njiani tukitoka kanisani, hata kwenye mlango wa darasa langu, kwa nini mwalimu mzima anaanika mtama ulioota kwenye mikeka mbele ya nyumba yake. Wengine mliuliza mkicheka. Mama mmoja aliniambia kwamba wazazi wataanza kusema. Wazazi wameshasema, mama, na mimi nimeshawajibu. Leo nawaandikia ninyi.

Mnajua kwamba chama chetu hapa Uvira kinapika pombe ya mtama kwa ajili ya sherehe za watu: mahari, ubatizo, kumaliza matanga. Ni pombe nzito, ya kunywewa siku ileile au kesho yake, ambayo majirani zetu wa Burundi wanaiita impeke. Kwa miaka mitatu tuliipika kwa njia fupi. Tulinunua sokoni unga wa kimea uliokwisha kusagwa, tukauchanganya na uji wa mahindi, tukatia machicha ya pombe iliyopita, tukangoja. Njia hiyo siidharau. Mama mwenye mtoto mchanga mgongoni hana siku saba za kulinda punje, na kuna wauzaji wa kimea ambao kazi yao ni safi kabisa.

Lakini mwaka huu tuliletewa oda ya lita 100 kwa ajili ya kumaliza matanga huko Kavimvira, na pesa zile zilikuwa zimekwisha kupangiwa kazi. Masomo ya msingi ni ya bure tangu 2019, lakini sekondari bado inalipwa, na sisi tulikuwa na watoto watatu wa wanachama waliopaswa kulipiwa egzetati. Tukanunua kimea kwa mtu ambaye hatukuwahi kununua kwake, kwa sababu yule wa kawaida alikuwa amesafiri. Uji ukakataa kulainika. Saa mbili, saa tatu, ukabaki kama gundi ya kubandikia karatasi. Kesho yake ulikuwa umechacha, una uchungu wa maziwa yaliyoharibika, na hauna pombe ndani. Familia ile ilikuwa ya heshima: walikubali turudishe malipo yao ya kwanza bila kelele. Makala, mahindi na kimea vilikuwa vimekwenda.

Sitaki kumtukana yule muuzaji, maana pengine hata yeye hakujua. Kimea kinaweza kufa kwa njia mbili. Mtu anakiongeza unga mbichi ili gunia lijae: hapo ni wizi. Au mtu anakikausha juu ya moto mkali kwa haraka ya soko: hapo ni kutojua. Machoni unga ni uleule, rangi ni ileile.

Hapa niruhusuni dakika mbili za darasani. Nilisoma ISP, seksioni ya biolojia na kemia, na jambo hili nimelifundisha ubaoni mara nyingi. Punje ya mtama ni ghala la wanga. Inapoota, mmea mdogo unatengeneza kitu kinachoitwa enzimu, ambacho kazi yake ni kukata wanga kuwa sukari, ili mmea upate chakula kabla ya kuwa na majani. Sisi tunaisimamisha punje hapohapo kwa kuikausha. Enzimu inalala. Tukiitia ndani ya uji wa moto wa kadiri, inaamka na kuukata wanga wa uji pia. Uji mzito unakuwa mwepesi na mtamu, kisha chachu inakula utamu ule na kutoa pombe. Enzimu ikiwa imekufa, hakuna sukari, na bila sukari chachu haina cha kula.

Basi nilikwenda kwa koko mmoja, jirani yetu, aliyezaliwa kwenye tambarare ya Ruzizi na kupika pombe tangu ujana wake. Nilimwomba anifundishe yote, kuanzia punje. Akaniuliza, "Mwalimu, una siku saba?" Nikasema ninazo. Akasema, "Basi njoo na kilo tano tu. Usije na gunia."

Kazi ya kwanza ilikuwa kuchagua. Mtama uwe wa mavuno ya karibuni, na usiwe mbegu ya kupanda iliyopakwa dawa. Zile zina rangi ngeni na ni sumu, hata ukiziosha mara kumi. Niliotesha kwanza punje 100 kwenye kitambaa chenye maji. Zilipoota 93, koko aliridhika, ingawa alinicheka kwa kuhesabu: yeye huangalia tu kiganja kimoja na kujua. Tuliziosha, tukaziloweka usiku mmoja na mchana mmoja, tukibadilisha maji mara mbili. Kisha tukazitandaza kivulini kwenye vitunga vyenye majani ya migomba, tukazifunika kwa gunia safi.

Siku tatu zinazofuata ndizo zenye kazi. Unanyunyiza maji asubuhi na jioni, unageuza kwa mkono polepole ili mizizi isishikane. Punje zinazoota zinatoa joto. Unatia mkono katikati, na ukisikia joto kama paji la mtoto mwenye homa, unazitandaza zaidi. Harufu iwe mbichi, kama tango lililokatwa sasa hivi. Ukiona ukungu wa kijani au mweusi, tupa sehemu ile yote, usioshe, usisage, wala usiwape kuku. Siku ya tatu mizizi ilikuwa mirefu kuliko punje, na koko akasema basi. Tukaanika juani siku mbili na nusu, mpaka punje ikavunjika menoni kwa sauti.

Halafu tukasugua na kupepeta, kuondoa mizizi na machipukizi yote. Jambo hili wengi wanaliruka, na mimi nalisisitiza. Wafugaji wa Ruzizi wanajua kwamba mtama mchanga unaweza kuua ng'ombe. Machipukizi ya mtama yana kitu kinachogeuka sumu, na sumu hiyo ndiyo ile tunayoiogopa kwenye mihogo michungu. Kwa hiyo yanaondolewa, hayasagwi pamoja na punje, na mbuzi hapewi yakiwa mabichi.

Kwenye kupika ndipo ubao wangu na kidole cha koko vilipokutana. Enzimu inataka joto la karibu nyuzi 65. Zaidi ya 75 inakufa. Chini ya 55 inafanya kazi kwa uvivu na uchachu unaitangulia. Sina termometa ya jikoni, lakini nina hesabu. Hapa Uvira, kwa urefu wetu juu ya bahari, maji yanachemka karibu nyuzi 97. Lita 6 za uji unaochemka, ukiongeza lita 4 za maji ya kawaida, zinashuka karibu 68. Ukitia kilo moja na nusu ya unga wa kimea, zinafika karibu 66. (Maji yale ya kuongeza nayo yawe yamekwisha kuchemshwa na kupozwa. Tunaoishi Uvira tunajua kipindupindu.) Nilimwonyesha koko karatasi. Yeye akachovya kidole ndani ya uji, akahesabu moja, akakitoa kabla ya mbili. "Ni sawa," akasema. Ndicho kipimo chake. Sikushauri mtu akijaribu bila yeye kuwa pembeni.

Tukafunika sufuria kwa blanketi mbili. Baada ya dakika kumi tu mwiko ulikuwa unazunguka kama ndani ya maji, ukiudondosha uji unatiririka. Baada ya saa moja na nusu niliteka kijiko cha maji ya juu, nikakipoza kwenye sahani nyeupe, nikadondosha tone la yodi, ile dawa ya kahawia ya vidonda inayouzwa kwenye farmasi. Wanga unaigeuza kuwa bluu nyeusi. Wanafunzi wangu wa darasa la nne ya sekondari wanalijua hilo kwa viazi. Mwanzoni sahani ilikuwa nyeusi kama wino. Sasa ilikuwa kahawia, na bluu kidogo tu pembeni. Sahani ile tuliimwaga, maana yodi hainywewi. Uji tukauchemsha tena, tukauchuja, tukaupoza mpaka ukawa vuguvugu, tukatia machicha. Kesho yake jioni ulikuwa unatoa povu, unasema peke yake ndani ya chombo.

Tukapika tena, safari hii nyingi, na mama mmoja wa likelemba alitukopesha makala. Tuliuza kwenye sherehe mbili. Watoto wawili walilipiwa egzetati kwa wakati. Wa tatu hakufikiwa na pesa zetu; baba yake aliuza mbuzi, na mama yake tangu siku hiyo hajarudi mkutanoni. Mimi namwelewa. Nimekwenda kwake mara mbili, nitakwenda tena.

Kwa wale wamama wasiogusa pombe kwa imani yao, msiweke gazeti chini bado. Kimea hikihiki kinawahusu, na pengine zaidi. Mtoto wa miezi minane ana tumbo dogo. Ukimpikia uji mzito, anashindwa kuumeza. Ukiuongeza maji, anashiba maji. Pika uji mzito wenye unga wa kutosha, uutoe motoni upoe kidogo mpaka usiunguze sana, tia kijiko kidogo cha kimea kilichosuguliwa vizuri, koroga. Utaona unalainika mbele ya macho yako, na chakula chote kimo ndani. Kisha uurudishe motoni uchemke dakika chache ili vijidudu vife, ndipo umlishe. Hapo hakuna pombe hata tone, kwa sababu hakuna chachu wala kungoja. Pombe yenyewe haiwahusu watoto, wajawazito wala wanaonyonyesha, na chama chetu hakimuuzii mtoto aliyetumwa na bidoni, hata akisema ametumwa na baba.

Uji huo ndio pia kipimo cha kimea cha sokoni. Kabla ya kulipa gunia, omba kijiko kimoja. Nenda nacho nyumbani, kitie kwenye kikombe cha uji mzito wa moto wa kadiri, koroga, ngoja dakika kumi. Uji ukitiririka, rudi ukalipe. Ukibaki gundi, umepoteza kikombe kimoja cha uji. Muuzaji mwenye kimea hai hatakukatalia kijiko, na wale wetu wa zamani hawajakataa.

Gharama nazo niziseme. Kutengeneza kimea wenyewe kumetupunguzia karibu nusu ya bei ya unga, lakini kunakula siku saba, kunataka mtu wa kunyunyiza maji asubuhi kabla ya shule, na wakati wa mvua kukausha ni taabu. Mama mmoja peke yake atachoka. Wanne wakipeana zamu, inawezekana. Kwa maoni yangu chama kitengeneze kimea chake kwa ajili ya oda kubwa na uji wa watoto, na kwa sherehe ndogo tuendelee kununua, kijiko kikiwa mkononi.

Siku ya posho hii, saa mbili asubuhi, tunaloweka kilo 15 nyumbani kwangu, na koko amekubali kuja. Atakayekuja alete kitunga, majani mawili ya mgomba na gunia lililofuliwa. Punje nimeshazijaribu: zimeota 95.