Bangkok kwa miguu, mkiwa na watoto

Wazazi mnaopitia Bangkok na watoto, Aprili ndiyo mwezi mgumu: nyuzi 35 na zaidi, hewa nzito ya unyevu kama Dar es Salaam kabla ya masika, ila upepo wa bahari haupo. Mji unatembeleka, lakini saa sita mchana isiwakute juani.

Kasri la Mfalme hufunguliwa saa 2:30 asubuhi, wahini. Mabega na magoti lazima yafunikwe, hivyo mvalisheni mtoto pamba nyepesi. Uani vivuli ni vichache, kwa hiyo saa moja na nusu inatosha, hata kama tiketi ni ghali.

Wat Pho haiko mbali. Hapo msiharakishe. Ndani kuna kivuli, na sanamu ya Buddha aliyelala, yenye urefu wa mita 46, huwanyamazisha hata watundu. Nyuma yake yamepangwa mabakuli 108. Watu hutumbukiza sarafu moja moja, na ule mlio watoto hawauchoki.

Kisha mtazameni mtoto. Akizubaa, akilalamikia kichwa au akichefuchefu, mwingizeni kivulini, mpeni maji, mlowesheeni kanga shingoni. Matembezi yaishie hapo. Asipochangamka, hospitali. Akiwa mzima, kivuko cha Tha Tien kinavuka mto Chao Phraya kwa dakika chache hadi Wat Arun. Ngazi zake zimesimama mno. Mimi nisingempandisha mtoto mchana. Hekalu hilo, kwa macho yangu, hupendeza zaidi jua likizama, mkilitazama kutoka ng'ambo na madafu mkononi.