Nyoka wa stoo ya mahindi

Tunaendelea na usalama wa watoto nyumbani. Leo ni nyoka, maana mahindi yameshavunwa, magunia yako ndani, na inboksi yangu imejaa maswali.

Magunia yakiingia, panya nao wanaingia. Na panya wana mtu wao anayewafuata: nyoka wa kahawia, anang'aa, tumbo jeupe, kichwani ana mistari miwili myepesi kila upande, mmoja juu ya jicho na mwingine chini yake. Wengi hawafiki mita moja. Wataalamu humwita Boaedon, yaani nyoka wa nyumbani. Hana sumu kabisa. Hutoka usiku, humkaba panya kwa kujizungusha kama chatu, kisha humeza mzima mzima. Jike hutaga mayai mahali penye joto na unyevu, kama kwenye majani yanayooza, akaondoka zake. Hana habari ya kunyonyesha wala kubeba mgongoni!

Ukimshika atauma, ndiyo. Meno yake madogo yanaacha mikwaruzo na damu kidogo, basi.

Sasa nisikilizeni. Tuliwahi kuletewa mtoto wa miaka minne aliyeingiza mkono nyuma ya gunia. Alikuwa amefungwa mpira wa baiskeli juu ya kiwiko, mkono umevimba na kubadilika rangi, umechanjwa wembe. Nyoka mwenyewe kaletwa kwenye mfuko, kauawa: ni huyuhuyu wa kahawia. Vidonda tulivyohangaika navyo wiki nzima vilikuwa vya wembe na mpira.

Je, ukiona mistari kichwani ukae tu nyumbani? Hapana, dada. Usiku, kwa tochi ya simu, mtoto analia, nani atahesabu mistari? Kifutu yupo, swila yupo, na kuna yule mweusi mdogo wa ardhini ambaye hata ukimbana shingoni anakuchoma kwa jino la pembeni. Kwa hiyo msishike nyoka yeyote, hata aliyekufa.

Mtoto akiumwa na nyoka yeyote, mtulize, mvue bangili na nguo za kubana, kiungo kisitikisike, asitembee. Mbebe, hospitali moja kwa moja. Kufunga kamba, kuchanja, kunyonya, jiwe jeusi, vyote acheni. Sisi tutakaa naye tukimwangalia dalili, na suala la pepopunda tutaliangalia hapohapo.

Kuhusu huyo wa stoo, mimi wa kwangu nimemwacha, ingawa baba watoto alishachukua fimbo. Magunia nimeyapandisha kwenye chanja, mbali na ukuta, ili nione kilichopo kabla sijaingiza mkono. Watoto hawalali chini, na neti nachomeka vizuri chini ya godoro. Inazuia mbu, na nyoka pia hapiti.

Kesho nawaletea ya mafuta ya taa kwenye chupa za soda.