Kukata Matawi

Nilianza kazi ya kubuni chipu za vipokezi Munich mwaka 2004, wakati antena nyingi ndizo zilizokuwa habari ya mjini. Gerard Foschini wa Bell Labs alishaonyesha mwaka 1996 kwamba antena kadhaa zinaweza kurusha data tofauti kwa pamoja, kwenye masafa yaleyale. Kurusha hakukuwa na shida. Kasheshe ilikuwa kwenye kupokea: kila antena inasikia zote kwa mpigo, zimevurugana, na kelele juu yake.

Njia ya uhakika ni kujaribu kila mchanganyiko. Antena nne, kila moja ikirusha alama moja kati ya 16, ni michanganyiko 65,536. Alama zikiwa 64, inapita milioni 16. Betri gani ya simu itahimili hayo? Njia ya mkato, ya kuligeuza jedwali la namba zinazoonyesha jinsi antena zinavyovurugana na kuzidisha, ilikuwa nyepesi, ila ilikuza kelele.

Mimi nilipewa njia ya tatu, ya kutafuta jibu kwa mti. Unalipanga jedwali liwe pembetatu, mstari wa chini ubaki na alama moja tu isiyojulikana. Unaanzia hapo, kila kisio likiwa tawi, unapanda mstari kwa mstari ukijumlisha vipeo vya pili vya tofauti kati ya kilichopokelewa na unachokisia. Tawi likivuka mpaka uliouweka, unalikata na vitawi vyake vyote. Fincke na Pohst walikwisha kuchapisha hesabu hiyo mwaka 1985.

Kwenye karatasi, raha tupu. Kwenye chipu, mawimbi yakichafuka mti unapekuliwa hadi muda unakwisha, na wenye saketi hawataki kusikia habari za wastani. Wanataka kujua jibu linatoka lini. Tukaamua kila ngazi ibakize matawi machache bora, idadi ileile siku zote. Usahihi ulipungua kidogo. Binafsi naona tulilipa bei ndogo.

Fundi mmoja wa saketi, mama aliyebana vizidishi kama mwenye duka anavyobana chenji, alinisogezea makala ya ETH Zurich ya 2005.

“Kipeo cha pili ni cha kazi gani?” akaniuliza. “Si unalinganisha tu?”

Tukaacha vipeo, tukachukua tofauti iliyo kubwa zaidi. Vizidishi vya sehemu ile vikafutika.

Mwaka 2010 Thomas Marzetta aliandika kwamba kituo chenye antena nyingi mno kuliko simu kinazozihudumia kinatosheka na hesabu nyepesi. Vituo vya 5G vyenye antena 64 vimefuata mkondo huo. Lakini simu bado ina antena chache tu, na huko mti haujang'olewa.