Dakika Makumi Mbili na Kopo Moja

Mimi ni mwalimu wa kalasi ya kwanza huku Kolwezi, tena mama wa watoto wanne. Leo naandika juu ya mukono wa binti yangu.

Ilikuwa mwaka 2009, saa za jioni. Maji ya bukari yalikuwa yanatokota juu ya mbabula, nami niko ndani natafuta unga. Yeye alikuwa na miaka mitatu. Alifuata mupira wake, akagonga mbabula, sufuria ikamwangukia. Nilipotoka mbio, majirani walikwisha kujaa kiwanjani. "Leta dawa ya meno!" "Hapana, mafuta ya mawese!" Bidoni ya maji ilikuwa pale pale mulangoni, imejaa. Nilipoishika, mama mumoja akapiga kelele: "Usitie mayi, atatoka malengelenge!" Nikaiacha. Tukapaka dawa ya meno na mafuta, na nguo yenye kulowa maji ya moto ikabaki mwilini, inaendelea kumuunguza.

Kwenye kituo cha afya, muuguzi alianza kwa kuondoa yote tuliyopaka. Kilio kile siwezi kukiandika. Kidonda kilipona baada ya miezi, lakini ngozi ilijikunja. Mpaka leo kiwiko hakinyooki.

Nilisomea ualimu miaka mingi. Tulifundishwa hesabu, tulifundishwa hata namna ya kusimama mbele ya ubao, lakini jambo hili hapana. Nililisikia mara ya kwanza kwa wajitoleaji wa Msalaba Mwekundu: mwangia maji baridi, si barafu, dakika 20 nzima, kwa maana moto unaendelea kula ndani ya ngozi hata sufuria ikiisha kuondoka. Ukichelewa, mwangia vilevile. Vua nguo na bangili mbele ya mwili kuvimba, lakini nguo iliyoshikana na ngozi usiivute. Malengelenge usiyapasue. Kisha funika na kitambaa safi bila kukaza, mutoto abaki na joto sehemu zingine, na umupeleke hospitali. Nikauliza: na sisi wenye robine kavu? Wakanijibu: bidoni ya lita 20 na kopo, lita moja kwa dakika, polepole. Kumbe bidoni yangu ilitosha!

Mwaka 2018, kwenye masomo, mutoto wa kalasi yangu alijimwangia chai ya moto ya mulinzi. Nilimukalisha kivulini, nikachota maji. Dakika ya kumi mama yake akafika, amekasirika sana: "Mwalimu, mutoto anaungua, weye unamunawisha? Tuende hospitali!" Wenzangu nao walikuwa upande wake. Nilitetemeka, kwa maana kama ningekosea ningejibu nini? Nikamwambia, "Mama, ungoje kidogo, nimalize." Akangoja huku analia. Kisha tukaenda pamoja kwa pikipiki, yeye na mimi, mutoto katikati.

Ngozi ya yule mutoto ilibaki na doa tu, rangi ya kahawa.

Jioni moja nilisimulia hayo nyumbani. Binti yangu alikuwa anakatakata mboga, amevaa mikono mirefu kama kawaida yake, hata wakati wa joto. Akaacha kisu.

"Mama, na mimi kwa nini hamukunimwangia mayi?"

"Hatukujua, mwanangu. Bidoni ilikuwa pale, lakini hatukujua."

Akaniangalia kitambo, akarudia mboga zake.